Mbuzi ya nazi, kikombe cha sukari na neno "borrow"

Jumamosi moja, kwenye saa tano asubuhi, mtoto wa jirani alipiga hodi. Ana miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, na mkononi alishika kikombe cha plastiki. "Shikamoo mwalimu. Mama kasema umwazime mbuzi, halafu umkopeshe sukari, kikombe hiki."

Nikampa vyote viwili, akaondoka mbio, mbuzi ikimgonga magotini. Alipokwisha kukata kona ndipo ile sentensi yake iliponirudia. Mbuzi ya kukunia nazi itarudi yenyewe, na kile chuma chake chenye meno, na ule mguu uliolegea ninaoahidi kuutengeneza kila mwaka. Sukari haitarudi. Saa sita itakuwa imeshanywewa, na kitakacholetwa siku nyingine ni sukari nyingine, ya kikombe kilekile. Ndiyo maana mama mtu aliomba aazimwe mbuzi, akaomba akopeshwe sukari. Kiingereza hakina maneno mawili ya kila siku ya kuitenga mbuzi na sukari. Yote mawili ni "borrow".

Dada wa mtoto yule yuko kidato cha pili. Wiki hiyohiyo aliniletea daftari la Kiingereza. Alikuwa ameandika "Please borrow me your ruler", na mwalimu wake kapiga mstari mwekundu chini ya "borrow", pembeni kaandika "lend!" Basi, hakuna maelezo zaidi. Binti akaniuliza, "Mwalimu, si yote ni kuazima?"

Ni kweli, yote ni kuazima. Hapo ndipo penye mtego, na mstari mwekundu peke yake haumtoi mtu mtegoni.

Tuanze na Waingereza. Rula ikitoka kwangu ikaja kwako kwa muda, tukio ni moja lakini vitenzi ni viwili, kila mmoja na chake. Ninayetoa, kitenzi changu ni "lend". Unayepokea, chako ni "borrow". Ni kama kuuza na kununua: bidhaa ileile, fedha zilezile, ila muuzaji hawezi kusema amenunua. Sijawahi kusahihisha daftari la mwanafunzi aliyechanganya "buy" na "sell", kwa sababu lugha yetu nayo ina maneno mawili mahali hapo. Kwenye kuazima lugha yetu ina moja, na mwanafunzi akishalitafsiri kwa "borrow" anadhani kazi imekwisha.

Dawa ninayowapa wanafunzi ni hii. Chukua sentensi yako, toa "azima", weka "pa" au "chukua", usikilize ipi inakaa. "Niazime rula" maana yake ni "nipe rula kwa muda", kwa hiyo Kiingereza chake ni "lend me". "Nimeazima rula kwa Asha" maana yake ni "nimechukua rula kwa Asha", kwa hiyo ni "I borrowed a ruler from Asha". Tazama pia mtu anavyoingia kwenye sentensi. "Lend" humkubali mtu papo hapo, "lend me", kama vile "pa" inavyomkubali kwenye "nipe". "Borrow" haimpokei mtu hivyo. Yule mwenye kitu lazima apitie mlango wa "from", kama sisi tunavyompitisha kwa neno "kwa". Kwa hiyo "borrow me" ni kosa la umbo kabla hata halijawa kosa la maana. Anayetaka kuwa na adabu ana njia mbili, na zote ni sahihi: "Could you lend me your ruler?" au "Could I borrow your ruler?" Kwenye ya kwanza mtendaji ni wewe, kwenye ya pili ni mimi, na rula inasafiri njia ileile.

Watu wengine husema kwamba neno "azima" ni kilema, kwamba lugha isiyojua anayetoa na anayepokea ni lugha ya ovyo. Hawajaisikiliza. Kiswahili kinajua vizuri sana nani katoa, ila habari hiyo haikai kwenye mzizi wa kitenzi. Inakaa kwenye kijisilabi cha katikati. "Nimeazima jembe": mimi ndiye niliyechukua. "Nimemwazima jembe": ile "m" imeingia, jembe limetoka kwangu likaenda kwake. "Nimeazimwa jembe": nimelipokea. Wapo wanaosema "azimisha" ili mambo yawe bayana zaidi, na sina ugomvi nao, lakini sijawahi kukwama kwa kulikosa.

(Tusichanganye na "azima" ile nyingine, ya kukusudia, inayotokana na Kiarabu na iliyotuzalia Azimio la Arusha mwaka 1967. Sauti ni moja tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kudai kwamba lile lilikuwa azimio la kurudisha mali zilizoazimwa. Kwa siasa za wakati ule, hakuwa mbali.)

Wala hatuko peke yetu. Mswana husema "adima" kwa kutoa na kwa kupokea, na ukiweka neno lake kando ya letu unaona wazi ni ndugu. Mjerumani ana "leihen" na "borgen", na kila moja huenda pande zote mbili. Mswidi ana "låna", vilevile. Wajerumani na watu wa Skandinavia walipohamia kwa wingi kaskazini mwa Marekani, kwenye majimbo kama Wisconsin na Minnesota, walikwenda na mazoea yao, na hadi leo kuna wazungumzaji wa huko, Kiingereza ndiyo lugha yao ya kuzaliwa, wanaosema "borrow me". Mwalimu wa daftari lile angewapigia mstari mwekundu nao pia. Nami ningempigia, kwa sababu mtihani ni mtihani, lakini nisingemwambia mtoto kwamba kosa hilo ni la Kiafrika.

Tena "borrow" yenyewe haikuzaliwa ikielekea upande mmoja. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "borgian", kutokana na neno lenye maana ya dhamana, na ilibeba maana ya kukopesha na kumdhamini mtu pamoja na kukopa. Dhamana hugusa pande mbili: kuna anayeiweka na anayeishika. Baadaye maana ikahamia moja kwa moja upande wa mpokeaji. "Lend" nayo ilikuwa "lænan", haina "d" mwishoni. Ile "d" iliponyoka kutoka kwenye umbo la wakati uliopita, ikajibanza kwenye kitenzi chote, na sasa hakuna anayeiuliza imetoka wapi.

Turudi kwenye mbuzi na sukari, maana hapo ndipo ninapoona Kiswahili kina la kujivunia. Swali ambalo Kiingereza cha mtaani hakiulizi, la iwapo kitu kitarudi chenyewe au kitarudi mfano wake, lina historia ndefu kwenye sheria. Warumi walilitilia maanani. Katika kitabu cha mafunzo ya sheria kilichotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533, kumpa mtu kitu akitumie akirudishe kilekile ni mkataba mmoja, na kumpa fedha, nafaka, mvinyo au mafuta ili arudishe kiasi kilekile cha aina ileile ni mkataba mwingine kabisa. Tofauti yake huonekana moto unapowaka. Nikikuazima farasi na nyumba ikateketea bila uzembe wako, hunidai nami sikudai. Nikikukopesha gunia la ngano likateketea usiku huohuo, unadaiwa gunia. Sababu ni kwamba ngano ilikuwa imeshakuwa mali yako tangu ulipoipokea, na mali huungua kwa hasara ya mwenyewe. Farasi alibaki wangu muda wote, hata alipokuwa zizini kwako.

Sheria ya Kiislamu nayo inatenga karadha, yaani mkopo, na kile kinachoitwa kwa Kiarabu "ariya", yaani kitu cha kutumia na kurudisha. Kuhusu hasara, wanazuoni wanatofautiana: madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana pwani yetu, yanambebesha mwazimaji dhamana ya kitu kilichopotea au kuharibika nje ya matumizi ya kawaida, wakati Hanafi wanakiona kama amana mikononi mwake. Lakini jambo lenyewe la kuazimana halikuachwa kuwa hiari tupu ya mwenye kitu. Sura ya 107 ya Kurani, Al-Maa'un, inawalaumu wanaozuia msaada mdogomdogo, na wafasiri wengi walilieleza neno hilo kuwa ni vyombo ambavyo jirani humpa jirani: chungu, ndoo, shoka. Mbuzi ya nazi ingetosha kabisa kwenye orodha hiyo.

Wahenga wetu hawakuwa na haja ya vitabu. Waliposema "kukopa harusi, kulipa matanga", walikuwa wanasema juu ya fedha na chakula, vitu vinavyoliwa vikaisha na kuacha deni. Waliposema "nguo ya kuazima haisitiri matako", walikuwa wanasema juu ya kanga ambayo mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote, hata katikati ya ngoma. Jaribu kubadilishana vitenzi hivyo uone kama methali zitasimama. Nguo ya kukopa husitiri vizuri tu, maana imeshakuwa yako. Unachodaiwa ni bei.

Kwenye upande wa fedha, basi, Kiswahili kina jozi kamili: anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha. Ni jozi iliyotengenezwa kwa mzizi mmoja na kiambishi, kama kusoma na kusomesha. Mkopeshaji ni mtu anayemfanya mwenzake akope. Mantiki yake inanipendeza, ila ina hatari moja ambayo niliigundua kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri mkataba wa mkopo wa kikundi cha akina mama. Kwenye Kiingereza pande mbili zilikuwa "the Lender" na "the Borrower", maneno yasiyofanana hata kwa jicho la mtu aliyechoka. Kwenye Kiswahili changu zilikuwa Mkopeshaji na Mkopaji. Nilikuwa nikichapa usiku, na kwenye ukurasa wa tatu niliandika: "Mkopeshaji atarejesha mkopo pamoja na riba ndani ya miezi 12." Silabi moja imezidi, na mwenye fedha kageuka mdaiwa. Siku ya kusaini tulikaa chini ya mwembe, mhazini wa kikundi, mama anayeuza maandazi stendi, akisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipofika hapo akanyamaza, akarudia, kisha akamtazama yule kijana aliyeleta mkataba. "Mwanangu, kumbe nyie ndio mtakaotulipa sisi? Basi leteni kalamu upesi." Walicheka mpaka mmoja akaangusha kanga. Nilirudi nyumbani na mkataba wangu, na tangu siku hiyo naandika "Mtoa Mkopo" kila palipo na "Lender". Haipendezi kama jozi ile, lakini inaonekana hata kwa macho ya saa saba usiku.

Waingereza wanayo mitego yao ya aina hiyo, tena mibaya zaidi. Kwenye rehani ya nyumba, "mortgagor" ni yule aliyekopa, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa nyumba iwe rehani, na "mortgagee" ni mwenye fedha. Nimeona watu wenye digrii mbili wakilibatiza neno hilo kinyume.

Na kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zimebadilishana viti kabisa. Mtu akisema "I rent a house in Kinondoni", je, ni mpangaji au ni mwenye nyumba? Sentensi haisemi. "Rent" huenda pande zote mbili, sawasawa na "azima" yetu, na Mwingereza anayetaka kueleweka inambidi aongeze "out" au atumie "let". Sisi tunapanga na tunapangisha, tunakodi na tunakodisha, na hata bango lililoandikwa kwa mkaa ukutani, "Chumba kinapangishwa", halina utata. Nikimfundisha Mzungu Kiswahili, hapo ndipo anapojikwaa: anakuambia kwa fahari kwamba anapangisha chumba Mikocheni, na unaanza kumhesabia kodi anayovuna kabla hujagundua kwamba yeye ndiye anayelipa.

Anayetaka zoezi la kujipima, namshauri asome upya ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kuwa *Mabepari wa Venisi*, iliyotoka mwaka 1969. Bassanio anahitaji fedha. Rafiki yake Antonio ana mali, lakini yote iko baharini ndani ya merikebu. Basi Antonio anakwenda kwa Shylock, anachukua dukati 3000 kwa miezi mitatu, anaweka ratili moja ya nyama ya mwili wake kuwa adhabu akishindwa, kisha fedha zinakwenda kwa Bassanio. Nani "lends", nani "borrows"? Shylock anakopesha. Antonio anakopa kwa Shylock na papo hapo anamkopesha Bassanio, kwa hiyo mtu mmoja amebeba vitenzi vyote viwili kwa fedha zilezile. Tena Antonio anajulikana mjini kwa kukopesha bila riba, na hiyo ni sababu mojawapo ya chuki ya Shylock. Ukiweza kusimulia kisa hicho kwa Kiingereza dakika tano bila kuchanganya, umefaulu.

Katika tamthilia yake nyingine Shakespeare anamsimamisha Marko Antonio mbele ya umati wa Roma, akiomba waliohudhuria wamwazime masikio yao. Nasema wamwazime kwa makusudi. Masikio yanarudi yaleyale, yakiwa kichwani kwa mwenyewe. Sikio la kukopeshwa lingekuwa hadithi nyingine ya Shylock.

Sitaki msomaji adhani kwamba kanuni ya mbuzi na sukari inafuatwa kila mahali. Watu huivunja, na mara nyingi kwa akili. Sikiliza mtu anavyoomba fedha ndogo kwa rafiki: "Kaka, niazime elfu kumi mpaka Ijumaa." Noti ile haitarudi, itakuwa imefika sokoni kabla ya jua kuzama. Lakini "nikopeshe" lina uzito wa daftari na tarehe, na "niazime" linafanya elfu kumi ionekane kama jembe, kitu kitakachotumika kidogo na kurejea chenyewe uani kwako. Mimi naliita hilo adabu, siliiti kosa. Hata kampuni za simu zinajua uzito wa "kopa". Safaricom ilipoanzisha huduma ya kuongezea salio lisilotosha, mwaka 2019, iliita Fuliza. Ya muda wa maongezi inaitwa Okoa Jahazi. Vodacom Tanzania wana Songesha. Kufuliza, kuokoa, kusongesha: kila kitenzi kimo isipokuwa kile kinachosema kinachofanyika.

Magazeti ya michezo yamekwenda upande wa pili. Mchezaji akipelekwa timu nyingine kwa msimu mmoja kisha arudi, husemwa amekwenda "kwa mkopo". Kwa kanuni yetu angekuwa ameazimwa, maana klabu inamtaka yeye mwenyewe arudi, miguu yake yote miwili, haitaki mshambuliaji mwingine wa uzito uleule. Nadhani ni kivuli cha Kiingereza "on loan". Limeshazoeleka na silipigi vita, ila kila nikilisikia redioni namwona yule mchezaji akichotwa kwa kikombe.

Wataalamu wa lugha nao wana lao. Maneno kama meza, shule na kitabu, yaliyotoka Kireno, Kijerumani na Kiarabu, tunayaita maneno ya mkopo, na Waingereza husema lugha "borrow". Mwanaisimu Einar Haugen aliandika mwaka 1950 kwamba kwa kweli mfano huo ni wa ajabu: aliyechukua hakuomba, aliyechukuliwa hakupungukiwa na kitu, na hakuna anayengoja kurudishiwa. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya viwili, wetu walichagua vizuri kusema mkopo. Kitabu tumekitia kinywani tukakipa wingi wetu, vitabu, kana kwamba "ki" ile ilikuwa ya kwetu tangu mwanzo. Mwarabu akija kukidai, hatuna chenyewe cha kumpa.

Yule binti wa kidato cha pili aliandika upya sentensi yake, mara kumi kama alivyoagizwa, na ya kumi na moja akaongeza mwenyewe: "My mother borrowed sugar and a goat." Nilimweleza habari ya "goat". Jumanne mdogo wake alirudisha vitu. Mbuzi ilikuwa na chicha imekaukia kwenye meno, na mguu umezidi kulegea. Sukari ilijaa kikombe mpaka juu. Tulitoa ya kahawia, ikarudi nyeupe.